Sala ya Dakika Ishirini na Moja

Jumatatu, 3 Juni

Mdogo wangu,

"Mkristo akionewa hunyamaza, akamwachia Mungu." Hayo ni maneno yako, mstari wa tatu wa barua yako ya wiki iliyopita, na umeyapigia mstari kwa rula kana kwamba uliogopa nitayaruka. Sikuyaruka. Nimeyasoma mara nne, mara ya nne kwa sauti, na ninakujibu bila kuzunguka: si kweli, na wewe uliyekaa miaka mitatu chuo cha theolojia unajua kwamba si kweli.

Kumwachia Mungu shauri si kulificha shauri. Anayemwachia hakimu humwendea, akalisema, akataja siku na mahali. Yule mjane wa kwenye Maandiko hakukaa nyumbani akaliita kukaa kwake imani. Alikwenda, akarudi, akaenda tena, mpaka hakimu asiyemcha Mungu wala kujali watu akaona heri ampe haki yake kuliko kuendelea kuuona uso wake. Na Bwana mwenyewe ndiye aliyemsimamisha mwanamke huyo kuwa mfano wa kuomba. Habili alikuwa amekwisha kufa na bado damu yake ililia kutoka ardhini. Wewe unataka mimi niliye hai ninyamaze kuliko maiti?

Nikukumbushe shauri langu, maana naona umeanza kuliita "hali iliyojitokeza". Miaka kumi na tisa nimechemsha vyombo vya upasuaji katika hospitali ya kanisa letu. Makasi, visu, koleo, navifunga kwenye kitambaa, nabandika utepe wa alama, naviingiza kwenye mashine ya mvuke. Joto likitosha, mistari ya utepe hugeuka myeusi kama mkaa. Mwezi wa pili mwaka huu ikaanza kutoka ya kahawia. Kisha ikatoka rangi ya chai ya maziwa, na mshale wa kipimo umesimama palepale panapotakiwa, umekwama kama msumari. Kipimo kinasema joto lipo. Utepe unasema halipo. Nilimwambia muuguzi mkuu mara mbili kwa mdomo. Nikaizima mashine siku mbili. Nikaiandikia bodi barua, nikabandika juu yake vipande vitatu vya utepe, cheusi, cha kahawia, na hicho cha chai, ili hata asiyejua kusoma aone. Barua hiyo nilikupa wewe mkononi ulipokuja kwenye ibada ya kumkumbuka mama, kwa kuwa wewe ndiye mjumbe wa kanisa kwenye bodi. Kesho yake ukanipigia simu: "Dada, imefika. Wamesema endelea, fundi yuko njiani." Nikaendelea.

Wiki tatu baadaye mke wa fundi viatu, yule mwenye kibanda kinachotazamana na lango la hospitali, alijifungua mapacha kwa kupasuliwa. Kidonda kikaoza. Siku ya tisa akafa.

Sasa bodi inasema haijapata kuona barua yoyote. Inasema mimi "nilipima muda wa mashine kwa sala badala ya saa". Ni kweli nilisali. Saa ya ukutani ilikufa mwaka jana, na ya mkononi haivumilii mvuke ule. Nimeomba nyingine hadi nikachoka. Wamenisimamisha kazi, na tarehe 27 watakaa waniondoe kabisa, na jina langu lipelekwe kila hospitali ili nisipate hata pa kuosha sakafu. Nilipomwendea mganga mkuu aliniambia, "Lete ushahidi." Ushahidi wangu niliubandika kwenye barua. Vipande vingine walivifagia siku waliyonitoa chumbani.

Na unajua walichofanya wiki iliyopita? Wamenunua saa. Kubwa, ya mviringo, wameitundika juu ya mashine ileile yenye kipimo kilekile. Nyumba yangu iko nyuma ya ukuta wa hospitali. Kila asubuhi naisikia mashine ikipiga mluzi. Hawawezi kuizima. Kuizima ni kukiri kwamba nilisema kweli. Kwa hiyo inachemka, na akina mama wanapasuliwa.

Ninakutaka mambo mawili. Niambie ile barua ulimkabidhi nani, kwa cheo chake. La pili, kila siku saa nne asubuhi tusali pamoja, wewe huko na mimi huku, maneno haya: "Ee Bwana, Hakimu wa dunia yote, ilete barua ile nuruni. Aliye nayo mkononi, usimpe usingizi mpaka aitoe." Usiongeze wala usipunguze. Na Amina iseme mwishoni. Nakujua. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaitupa Amina mama akiwa bado katikati, ili uwahi sahani, ndiyo maana tukakuita Mzee wa Amina.

Usinipigie simu. Kwenye simu unakohoa ukitaka kukwepa. Karatasi haikohoi.

Dada yako


Jumamosi, 8 Juni

Dada yangu mpendwa,

Amani ya Bwana iwe nawe. Nimesoma barua yako na kicheko kidogo kilinitoka nilipofika kwa Mzee wa Amina. Ni siku nyingi hakuna aliyeniita hivyo. Huku kila mtu ananiita Mchungaji, hata mke wangu akiwa na hasira.

Kuhusu ile barua. Iliingia ofisini kama barua nyingine zinavyoingia. Ofisi ya bodi ina mafaili mengi na mikono mingi, na siwezi kutaja mtu bila kumtia mtu matatani. Naomba unielewe kama dada.

Nimezungumza na mwenyekiti. Si mtu mbaya. Yuko tayari, ukiandika barua ya kuacha kazi kabla ya tarehe 27, faili lako liandikwe kwamba umestaafu kwa hiari, na jina lako lisipelekwe popote. Nami nimekutafutia kazi ya kusimamia dobi kwenye hosteli ya kanisa hapa mjini. Chumba kipo, kina dirisha linalotazama bustani. Utakuwa karibu nasi. Watoto watafurahi.

Ile sala nimeisali siku tatu. Nikwambie kweli, naiona kali. Je, hatuwezi kusema, "Mpe amani aliye nayo mkononi"? Kumwombea mtu akose usingizi, dada, ni kisasi kilichovaa kanzu. Sisi tumeamriwa kuwabariki wanaotuudhi.

Fikiria lile la hosteli. Si kila vita ni yako.

Mdogo wako


Jumatano, 12 Juni

Mdogo wangu,

Kisasi kilichovaa kanzu! Neno zuri. Litunze kwa mahubiri, maana kwenye barua hii halina kazi. Mwenye kisasi huomba adui avunjike mguu. Mimi sitaki mguu wa mtu. Nataka usingizi wake tu, tena nitamrudishia siku hiyohiyo atakayoitoa barua. Na kubariki! Daktari akimfungua mtu jipu, hamlaani. Amani unayotaka nimwombee huyo mtu ni bandeji safi juu ya uchafu. Miaka kumi na tisa nimefanya kazi ya kuzuia jambo hilo hasa.

Dobi la hosteli lina dirisha linalotazama bustani. Nimefurahi kwa ajili ya dirisha. Kuniambia niandike kwamba nimestaafu kwa hiari ni kuniambia nitie sahihi uongo ili mashine iendelee kusema uongo. Tutakuwa waongo wawili, mmoja wa chuma.

Jana fundi viatu alikuja kwangu. Nilikuwa naanika nguo. Alisimama langoni na aproni yake ya ngozi, gundi imemkauka vidoleni.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Karibu ukae."

"Sikuja kukaa." Akakaa, kwenye ndoo niliyoigeuza. "Wananiambia ulikuwa unasali badala ya kutazama saa."

"Nilikuwa nasali. Saa ya kutazama haikuwepo."

Akabandua gundi vidoleni. "Mke wangu naye alisali. Siku zote tisa. Sasa nyie wawili mlikuwa mnazungumza na nani, asiyesikia huku wala huku?"

Mdogo wangu, wewe una digrii. Mimi sina. Nilimwambia, "Una saa mkononi. Nipime." Akadhani namdhihaki. Nikasimama pale penye kamba ya nguo nikaisali yote, kama ninavyoisali mbele ya mashine: Baba Yetu, kisha wagonjwa wa wodi moja moja, kisha wapasuaji, wauguzi, wafagiaji, mama yetu, wewe na wanao, na watakaolazwa kesho ambao siwajui. Alipoona sikomi akaiweka saa gotini.

"Dakika ishirini na moja," akasema. "Mama, ningekuwa nimeshona soli mbili."

"Mashine inataka kumi na tano."

"Basi si muda."

"Si muda."

"Ni nini?"

"Ni joto."

Hakuhitaji kufundishwa zaidi. Alitazama vidole vyake. "Gundi isipopata joto, hata ukikibana kiatu kutwa kucha, kitaachia tu." Kisha akauliza, polepole, "Nani alijua?"

"Mimi. Na yeyote aliye na barua yangu."

Akaondoka bila kuaga. Leo asubuhi nimekuta kandambili zangu mlangoni, zile ulizosema nizitupe, zimeshonwa kanda mpya. Sijui maana yake. Naogopa kumuuliza.

Hujanijibu swali langu. Nilikuomba cheo cha mtu, ukanipa mafaili. Ulimkabidhi nani?

Dada yako


Jumatatu, 17 Juni

Dada,

Nimesali maneno yako kila siku saa nne, bila kuongeza wala kupunguza, na Amina nimeiweka mwisho. Leo ni siku ya kumi na mbili.

Silali. Jana nilisimama mimbarani nikasahau neno linalofuata, nikabaki nimeshika pembe za meza huku watu wakinitazama. Wazee wa kanisa wakadhani nimeguswa na Roho, mmoja akaanza kulia.

Ninakuomba jambo moja. Niruhusu niiache sala hii. Usiulize sababu. Kuna mtu kwenye bodi ana mzigo usioujua, na ukiujua hautakupendeza.

Mdogo wako


Alhamisi, 20 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Sasa nimeelewa, nami nina haya kwa ukali wangu. Wanakutisha. Umekwisha kumjua aliyeificha, naye ni mkubwa kuliko wewe, na amekuambia ukisema utapoteza usharika, nyumba na gari. Kwa hiyo ulikuwa unazungukazunguka kwa ajili yangu, kunitafutia dirisha na bustani, huku umebeba jambo hilo peke yako. Mama angekuona angesema, huyu ndiye niliyemzaa.

Usiiache sala. Sasa ndiyo inafanya kazi. Wewe unakosa usingizi kwa sababu ya kumwombea mwenye hatia. Yeye mwenyewe hali yake ikoje! Nimeandika jina lako kwenye karatasi ya bodi kuwa shahidi wangu. Alhamisi ijayo utasimama useme: "Barua hii niliipokea kwa mkono wangu kutoka kwa dada yangu, nikamkabidhi fulani." Maneno kumi na kidogo. Sikuombi zaidi.

Ila kuna jambo sijakuambia, na siwezi kukutaka useme kweli nikiwa nimekalia yangu.

Siku uliyonipigia simu kwamba niendelee, nilirudi chumbani nikaitazama mashine, na moyo ulikataa. Nilijua. Utepe ulikuwa bado ni wa chai. Nikajiambia: bodi wameiona barua, wamesema endelea, fundi yuko njiani, mimi ni nani? Halafu nikafanya jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha kazi yetu. Nikaisali sala yangu mara mbili kwa kila mzigo. Nilidhani muda ukizidi utafidia joto. Tena, niseme yote, nilidhani Mungu akiniona nimefumba macho dakika arobaini atamalizia digrii zilizopungua. Vyombo vya mke wa fundi viatu vilipita hivyo, kwa sala mbili.

Ndiyo maana lile shtaka lao linaniuma hivi. Ni la uongo kuhusu saa, lakini lina jino moja la kweli. Niliiweka sala mahali pa moto. Nimekuwa nikikupigia kelele kwamba kuomba si kunyamaza, na mimi mwenyewe nilinyamaza dakika arobaini kwa wakati mmoja, nimepiga magoti.

Nilipopimwa na fundi viatu pale kwenye kamba ya nguo, hili sikumwambia. Leo nimekwenda kibandani kwake nikamwambia. Mapacha walikuwa kwa shangazi yao. Alikuwa na kiatu cha mtu kwenye kalibu, ule mguu wa chuma wa kugongea, na misumari mdomoni, akawa anaitoa mmoja mmoja akiigonga. Misumari ilipoisha akasema, "Kwa nini hukuizima tena?"

"Niliambiwa barua imefika."

"Na ungejua haijafika?"

"Ningekaa juu ya mfuniko wake mpaka wanibebe."

Akaweka nyundo chini. "Basi mtafute aliyekuambia imefika. Mimi nitakuja Alhamisi. Sitakaa upande wako. Nitakaa katikati."

Nilimwambia nitakuja na mdogo wangu, mchungaji, mtu mkweli.

Dada yako anayekusubiri


Jumatatu, 24 Juni

Dada,

Nimempa dereva wa kanisa bahasha hii akukabidhi mkononi. Fungua kwanza karatasi iliyokunjwa mara tatu. Ni mwandiko wako. Utepe wote uko palepale ulipoubandika, cheusi, kahawia na chai. Gundi yake haijaachia hata kidogo.

Hakuna mkubwa aliyenitisha. Haikufika ofisini. Haikutoka kwangu.

Siku mbili kabla ya ibada ya mama, mwenyekiti alituwekea mezani cheti cha kuwaonyesha wageni waliotujengea jengo jipya la wazazi, kwamba mashine zote za hospitali zimekaguliwa na ni nzima. Palitakiwa sahihi ya mjumbe wa kanisa. Sikuwa nimekagua hata taa. Nilitia sahihi huku kikombe cha chai kikiwa mkono wa kushoto, nikimwitikia mtu kuhusu viti vya wageni. Kisha ukanipa barua yako. Niliisoma garini. Kuipeleka kwenye bodi kulikuwa kusema mbele ya wote kwamba mchungaji ametia sahihi uongo, wiki ileile ya wageni. Nikasema nafsini, nitaipeleka wakishaondoka, ni siku nne tu. Wewe ulikuwa umeizima mashine, mganga mkuu ananipigia kuuliza dada yako ana nini, upasuaji umesimama. Nikakupigia. Nikakuambia imefika. Nakumbuka nilikohoa.

Wageni wakaondoka. Nikaona haya kwa kuchelewa. Kila siku iliyopita aibu ilizidi, mpaka nikasikia mke wa mtu amekufa, na tangu hapo haikuwa aibu tena, ilikuwa kitu kingine ambacho sina jina lake.

Niliificha ndani ya jalada la kitabu cha nyimbo. Kitabu hichohicho nakiweka mezani ninaposali. Kwa hiyo kila saa nne nilipotamka "aliye nayo mkononi", kiganja changu kilikuwa juu yake. Nilitaka niombe amani, ukanikatalia. Nilitaka niache, ukaniita mwana wa mama. Hilo ndilo lililonimaliza. Lawama ningeivumilia.

Uamue wewe. Ukiitoa, watanivua kanzu, na labda wanifungulie mashtaka, na ni haki. Ukiichoma, sitakulaumu, nami nitazungumza na mwenyekiti fundi aitwe kimyakimya. Nitafanya utakaloamua.

Mdogo wako


Jumanne, 25 Juni

Kwa Mwenyekiti wa Bodi, Mganga Mkuu, Muuguzi Mkuu, Mwakilishi wa Wafanyakazi, na Mjumbe wa Kanisa,

Mliniandikia kwamba natakiwa kuleta maelezo kwa maandishi kabla ya Alhamisi. Ninayaleta leo, nimeyaandika nakala tano kwa mkono, na kila mmoja wenu amewekewa yake. Pamoja nayo nimeambatisha nakala ya barua ambayo mmesema hamjapata kuiona. Halisi, yenye utepe, sijaileta ofisini, nanyi mnajua kwa nini. Nimempa fundi viatu aitunze. Ameiweka chini ya kalibu lake. Yeyote anayetaka kuiona avuke barabara, avue kofia, amwombe.

Mtasoma humo kwamba niliijua hitilafu, nikaisema, nikaizima mashine. Mtasoma pia, nimeongeza leo kwa mwandiko wangu, kwamba baadaye niliiwasha nikijua, nikarefusha sala ili ifanye kazi ya joto. Mwanamke amekufa kwa hilo. Sehemu yangu naichukua yote. Msinipunguzie hata kidogo kwa sababu ya miaka kumi na tisa. Ila sitabeba na ya wenzangu. Cheti cha ukaguzi mlichowaonyesha wageni kilitiwa sahihi na mtu ambaye hakukagua, mbele ya watu waliojua hakukagua.

Baadhi yenu mmekuwa mkiniambia niache mambo haya mikononi mwa Mungu. Niliacha. Nilimwomba kwa siku ishirini na mbili aitoe barua, asimpe usingizi aliye nayo, na nilimtaka ndugu yangu aombe nami bila kujua ninamwombea nani. Mungu alisikia. Nilidhani akisikia nitafurahi. Nilipofungua bahasha jana nilikaa kwenye ndoo ileile aliyokalia fundi viatu, mpaka jua likanihama. Wala sitasema tena kwamba haki ya Mungu ni tamu. Ni kweli, na hilo linanitosha. Haikuuliza tumbo gani lilimzaa nani.

Mdogo wangu, wewe ni mmoja wa wanaosoma karatasi hii, kwa hiyo nakujibu hapahapa mbele ya wenzako. Umeniachia mimi niamue. Siamui. Nikiichoma, mimi ndiye nitakayekuwa nimeificha. Nikiisoma mimi, utakuwa umesemewa, kama ulivyozoea kusemewa na kanzu. Nakupenda, na usingizi wako nimekwisha kuuombea urudi, leo asubuhi saa nne, kama nilivyoahidi. Lakini barua utaisoma wewe.

Haya ndiyo ninayoyataka kwenu watano, na sitasubiri Alhamisi. Ninapoandika hapa naisikia ikipiga mluzi. Kuna vifurushi ndani yake sasa hivi na kuna mtu wodini amenyimwa chakula tangu asubuhi kwa ajili ya kisu kilichomo. Mganga Mkuu, weka karatasi hii chini kabla ya kuimaliza, nenda kaizime. Muuguzi Mkuu, fungua vifurushi vyote vya wiki hii utazame utepe kwa macho yako mwenyewe, na chochote kisicho cheusi kisiguse ngozi ya mtu. Mwenyekiti, chukua ile saa mpya ukutani uiweke mezani Alhamisi, iwe mbele yenu muda wote, ili mjue kipimo kilichokosekana hakikuwa hicho. Mwekeeni fundi viatu kiti katikati, kama alivyotaka.

Nawe, Mzee wa Amina, simama mbele yake uisome barua yangu kwa sauti, utepe ukiwa umemgeukia yeye, kisha useme mwenyewe ilikokuwa. Usikohoe. Usiruke mstari. Na Amina usiiseme mpaka uisikie mashine imenyamaza.

Dada yako, wa chumba cha mvuke